Saa janja: jinsi ya kufikisha chaji hadi usiku

Mkazi wa Chamazi, wilayani Temeke, anayefanya kazi Kariakoo anaweza kutoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Wa Bunju, wilayani Kinondoni, naye hali ni hiyo hiyo. Hayo ni masaa 15 mbali na soketi ya nyumbani.

Kwenye daladala hizo, saa janja siku hizi si kitu cha ajabu. Faida yake inaonekana hasa safarini. Umekaa dirishani, foleni imesimama, simu inaita. Unatazama mkononi tu kujua nani anapiga, bila kuitoa simu mfukoni mbele ya vibaka. Wapo pia wanaoitegemea iwakumbushe muda wa kumeza dawa. Ikizima mchana, msaada huo unakosekana jioni, pale unapouhitaji zaidi.

Makala haya yanakuhusu hata wewe msikilizaji uliye kijijini, uliyeletewa saa kama hiyo na ndugu aliye Dar es Salaam. Betri ni zile zile, na huenda kwako soketi iko mbali zaidi.

Kwa nini inaisha haraka?

Ukubwa wa betri hupimwa kwa mAh. Simu janja nyingi za leo zina betri ya mAh 4,000 hadi 5,000. Saa janja nyingi zina kati ya 200 na 600. Ni kama ndoo ya lita 20 na chupa ya maji. Tundu dogo kwenye ndoo hulioni haraka, lakini kwenye chupa maji yanaisha upesi.

Saa nazo hazifanani. Zile zinazofanya kazi nyingi kama simu hudumu siku moja au mbili. Kampuni ya Apple, kwa mfano, ilitangaza masaa 18 kwa matoleo mengi ya saa zake. Zile nyepesi, zenye programu chache, hudumu wiki moja au zaidi. Kama bado hujanunua, muulize muuzaji jambo hili kabla ya kuuliza rangi.

Vitu vitano vinavyokula chaji

1. Kioo. Hiki ndicho mlaji mkubwa. Zima mpangilio wa kioo kuwaka muda wote. Punguza mwangaza, na weka kioo kizime baada ya sekunde 5 au 10. Zima pia kuwaka kila unapoinua mkono, kwa sababu ndani ya daladala mkono unapanda na kushuka kila mara. Kama kioo ni cha aina ya OLED, chagua sura nyeusi, maana sehemu nyeusi ya kioo hicho haiwaki.

2. Vipimo vya mwili. Taa za kijani zilizo nyuma ya saa hupima mapigo ya moyo. Zikipima mfululizo mchana kutwa, chaji inakwenda. Weka zipime kila baada ya dakika 10 au 30, au pale unapotaka mwenyewe. Lakini kama daktari amekushauri kufuatilia mapigo, acha kama alivyokuelekeza.

3. GPS. Hii hutambua mahali ulipo kwa kutumia setilaiti. Iwashe unapokimbia au unapotafuta njia, kisha izime.

4. Ujumbe unaoingia. Kila ujumbe wa kundi la WhatsApp huwasha kioo na kutetemesha saa. Fungua programu ya saa kwenye simu, uache simu zinazopigwa, ujumbe mfupi na programu moja au mbili za lazima. Mengine utayasoma ukifika.

5. Kutafuta mawasiliano. Ukiacha simu nyumbani, saa inaweza kuendelea kuitafuta kwa Bluetooth. Yenye laini yake hula chaji zaidi mahali penye mtandao hafifu. Ukiwa mbali na simu kwa muda mrefu, zima mawasiliano hayo.

Ukishafanya hayo na bado chaji haitoshi, washa hali ya kuokoa chaji unapoanza safari ya kurudi. Usingoje ibaki asilimia 5.

Tahadhari kuhusu sukari

Zipo saa zinazouzwa kwa madai kwamba zinapima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasizitumie, ikisema haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari akipanga dozi kwa namba hizo anahatarisha maisha yake. Kizime kipimo hicho, na endelea kupima kama ulivyoelekezwa hospitalini.

Kuchaji bila kuiua betri

Betri hizi ni za lithiamu. Hazihitaji kuisha kabisa ndipo zichajiwe. Kuzimaliza hadi sifuri kila siku huzichosha. Ni vizuri kuchaji kidogo kidogo, kwa mfano unapooga na kula chakula cha jioni, na kubaki kati ya asilimia 20 na 80 inapowezekana. Siku ya safari ndefu, ijaze.

Joto ni adui mkubwa. Usiiache saa juani au mbele ya gari, na usiichaji chini ya mto wa kulalia. Futa jasho kwenye sehemu za kugusana na chaja kwa kitambaa kikavu.

Gharama isikutishe. Tukikadiria saa ya mAh 300 inatumia Wh 2 kwa kuchaji mara moja, pamoja na umeme unaopotea, uniti moja ya LUKU, yaani Wh 1,000, inatosha mara 500.

Umeme ukikatika

Pawabanki ya mAh 10,000 inaweza kujaza saa kama hiyo zaidi ya mara kumi. Angalia jambo moja: baadhi ya pawabanki hujizima zinapoona umeme unaotoka ni mdogo mno. Ikitokea hivyo, chaji simu na saa kwa pamoja kama ina matundu mawili.

Lini umwone fundi?

Ukiona mfuniko wa nyuma au kioo kimeinuka, betri imevimba. Acha kuitumia na usiichaji tena. Usiitoboe wala kuibonyeza, inaweza kuwaka moto.

Anza kesho

Usibadilishe vyote kwa siku moja. Andika asilimia ya chaji unapotoka nyumbani na unaporudi. Kila siku zima kitu kimoja, ulinganishe. Ndani ya wiki moja utamjua mlaji wa chaji kwenye saa yako.