Samaki Mbichi na Mvinyo: Msamiati wa Kisiwani katika Bara ya Nachingwea na Ruangwa



Mgeni aendaye kupunga upepo Kilwa, Mafia au Unguja huwa na haja mbili mezani: samaki aliyevuliwa asubuhi ile ile, na bilauri ya mvinyo. Napenda kuianza historia hii kwenye meza hiyo, kisha niwapeleke mahali ambapo samaki mbichi wa baharini hakuwa akifika, yaani Nachingwea na Ruangwa. Sababu yangu ni moja. Tumezoea kuifundisha historia ya Kiswahili kana kwamba kisiwa ndicho kitoacho na bara ndiyo ipokeayo. Maneno ya kitoweo na kinywaji hayalikubali fundisho hilo.

Ibn Battuta alipotua Mombasa mwaka 1331, akiwa safarini kwenda Kilwa, aliandika kwamba watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka bali waliletewa kutoka Sawahili, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Basi hata katika maelezo hayo mafupi, mla samaki wa kisiwani anamtegemea mkulima wa ng'ambo. Wanaakiolojia nao wametuongezea jambo. Uchunguzi wa mifupa ya samaki kutoka miji ya kale ya pwani, uliochapishwa na Jeffrey Fleisher na wenzake mwaka 2015, unaonyesha kwamba wakazi wa mwanzo walivua zaidi karibu na ufuko, na kwamba uvuvi wa maji makuu, pamoja na ule wa papa, ulistawi baada ya takriban mwaka 1000.

Huyo papa ndiye aliyesafiri. Sifa ya samaki kisiwani ni ubichi, na kivumishi -bichi kinabeba maana kadhaa kwa pamoja: asiyepikwa, asiyekauka, asiyeiva. Lakini kutoka pwani hadi Nachingwea ni mwendo wa takriban kilomita 100, na kwa mpagazi ubichi ulikuwa hasara. Kilichopanda bara ni kilichokaushwa na kutiwa chumvi. Ndiyo maana kwa mtoto aliyekulia Ruangwa, papa hakuwa kwanza mnyama wa baharini. Alikuwa kipande kigumu chenye harufu kali kinachouzwa sokoni. Vivyo hivyo ng'onda, ambalo mimi nalihusisha na kitenzi konda: samaki aliyepasuliwa akaanikwa mpaka akakonda. (Serikali ya kikoloni ilijenga reli kutoka ghuba ya Lindi hadi Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini iliijenga kwa ajili ya karanga. Mradi wa karanga ulivunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Ng'onda akaendelea na safari yake bila reli, kama alivyoianza.)

Kinywaji kina habari ndefu zaidi. Neno mvinyo ni la Wareno, vinho, nasi tumelivika kiambishi cha ngeli ya mti likatulia kana kwamba lilizaliwa hapa. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512. Neno lao limedumu kuliko ngome yao. Divai limepita njia nyingine: ni Kifaransa, du vin, na wamisionari wa Kifaransa walikuwa wameweka makao Bagamoyo tangu mwaka 1868. Neno hilo likakaa madhabahuni, na linapatikana katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Hata leo sikio langu husita nikisikia mtu akiagiza divai hotelini. Kwa wenyeji wa visiwani wasiokunywa vya wageni, kulikuwa na tembo la mnazi.

Nachingwea na Ruangwa si nchi ya minazi. Ni nchi ya mikorosho, mti uliotoka Brazili kwa mikono ya Wareno hao hao. Ndiyo asili ya jina mkanju, kutoka caju ya Kireno. Msimu wa korosho unapofika, mabibo hukamuliwa, na maji yake yakichachuka huitwa uraka. Uraka ukichemshwa na mvuke wake ukatoneshwa, hupatikana nipa. Sasa tazameni. Kule Goa, iliyokuwa koloni la Wareno, pombe ya mtoneko wa kwanza itokanayo na mabibo huitwa urrak, neno linalorudi kwenye araq ya Kiarabu. Na nipa ni jina la Kimalay la mnazi wa mikokoni ambao utomvu wake hugemwa. Siamini kwamba haya ni mabahati mawili. Maneno mawili ya Bahari ya Hindi, moja la magharibi yake na moja la mashariki, yanakutana katika chungu kimoja cha kijijini Ruangwa, ilhali meza ya mgeni kisiwani inajivunia moja tu.

Je, yalipitia Kilwa? Nadhani hapana. Maneno haya yanasikika pande zote mbili za mto Ruvuma, kwetu na Msumbiji, ambako Wareno walitawala mpaka mwaka 1975. Unguja, kwa upande wake, mnywaji hukuambia gongo. Kwa hiyo naelekea kuamini kwamba yalivuka mto kwa miguu, vinywani mwa Wamakonde na Wamakua, bila kuombea njia kisiwani. Hoja hii inahitaji ushahidi wa vijijini, na hapo pana tatizo. Kutengeneza pombe ya moshi bila leseni ni kosa tangu sheria ya mwaka 1966. Mtafiti akifungua daftari na kuuliza majina ya vyombo, ya mtoneko wa kwanza na wa pili, mama mpishi hukumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua. Nimerudi na kurasa tupu zaidi ya mara moja. Wanafunzi wanaotaka kuifuata kazi hii waende mwezi wa kumi, mabibo yanapoanguka, wakae wiki kadhaa kabla ya kuuliza lolote, na waanze na uraka.