Foni: mawimbi mafupi, masafa marefu

Foni ni redio ya kuzungumzia kutoka mji hadi mji, na huko Kivu, mashariki mwa Kongo, jina hilo limetokana na Kifaransa, phonie. Nchini Tanzania chombo cha namna hiyo kiliitwa simu ya upepo. Wengine huandika "redio ya masafa marefu", na hapo utata huanza, kwani foni hutumia megahezi 3 hadi 30, ambazo watangazaji huziita masafa mafupi. Neno masafa limebebeshwa mizigo miwili: umbali, na idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mwenye kuagiza redio ya "masafa mafupi" aweza kuletewa motorola, redio ya mkononi ya umbali mfupi. Heri kusema mawimbi mafupi, masafa yabaki na kazi yake ya zamani ya umbali.

Motorola huhitaji njia iliyonyooka. Katika milima ya Masisi sauti yake hufia nyuma ya kilima cha kwanza, isipokuwa pakiwa na mtambo wa kurudia mawimbi kileleni. Mawimbi ya foni hupanda, hugonga ayonosfia, tabaka la juu la angahewa, hurudi chini ng'ambo ya milima. Waya wa antena ukitandazwa chinichini kati ya miti miwili, mawimbi hupanda karibu wima na kushukia vijiji vyote vilivyo ndani ya kilometa mia chache. Betri ya gari na paneli ya jua vyatosha. Opereta hubonyeza kitufe, husema, huachia, ndipo husikia. Na kila aliyefungulia mkondo uleule husikia pia, hata mwenye bunduki.

Simu ya setilaiti, ambayo wengi huiita Thuraya hata ikiwa ya kampuni nyingine, ina faragha zaidi. Nayo hutaka anga wazi: chini ya msitu wa Walikale mtu hulazimika kutafuta uwanja kwanza.

Gharama ya kukosa mawasiliano ilionekana huko huko Walikale: kuanzia 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, vijiji 13 vya barabara ya Kibua–Mpofi vilivamiwa, Luvungi kikiwa kimojawapo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kambi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja huo, ilikuwa Kibua, kilometa zipatazo 30 kutoka Luvungi, na simu za mkononi hazikushika mtandao. Katika mitandao ya tahadhari ya jamii iliyoenezwa baadaye, wawakilishi wa vijiji walipewa simu, au redio pasipo na mtandao, ili waite kambi iliyo karibu.