Tanzia ya ghafla: namna ya kuifikisha na kuipokea

Tarehe 21 Mei mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa chache mno Afrika Mashariki. Tanzia ilifika kwa redio au kwa mjumbe aliyebisha hodi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba mwaka 2018, na kuua watu zaidi ya 220, simu zilikuwa tayari mikononi mwa wengi, nyumbani na ughaibuni.

Tofauti hiyo si ya kasi peke yake. Mjumbe alibaki na mfiwa, simu hukatika. Anayeishi Muscat au London huenda akaipokea habari akiwa kazini au peke yake chumbani.

Mwili hufanya nini?

Habari ya kushtua huufanya mwili utoe homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika na mikono hutetemeka. Wapo wanaolia kwa sauti, na wapo wanaoendelea na shughuli zao kana kwamba hawakusikia. Hali zote mbili ni za kawaida. Ukimya si dalili ya moyo mgumu, wala kilio si dalili ya imani haba.

Mara chache mshtuko huudhoofisha moyo wenyewe. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa huo na kuuita takotsubo, yaani chungu cha kutegea pweza, kwa kuwa sehemu ya moyo huvimba mfano wa chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo, mfiwa anayelalamika maumivu ya kifua apelekwe hospitali mara moja.

Kuifikisha habari

Jamaa wengi huificha tanzia kwa kusema, "Mama anaumwa, njoo nyumbani." Kusudi ni jema: msafiri afike salama. Lakini aliye mbali huhisi ukweli, akasafiri saa nyingi na hofu yake bila wa kumfariji. Na pale ambapo maziko hufanywa haraka, kama ilivyo kwa Waislamu, huenda akafika kaburi limekwisha kufukiwa, akajua kwamba hakupewa nafasi ya kuamua.

Mwaka 2000 madaktari wa saratani wa Marekani na Canada walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kumweleza mgonjwa habari nzito: kutafuta faragha, kuuliza anajua nini, kupata ridhaa yake, kusema kwa maneno mepesi, kuipokea huzuni yake, na kupanga yanayofuata. Mengi katika hayo yanafaa hata kwa simu. Uliza kwanza yuko wapi, yu na nani, na kama anaendesha gari. Kisha sema waziwazi. Neno "ameondoka" laweza kueleweka vingine. "Amefariki" halina shaka.

Siku za mwanzo

Mwongozo wa mwaka 2011 wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na washirika wake unamtaka msaidizi atazame, asikilize, na amuunganishe mhusika na watu na huduma anazohitaji. Asimlazimishe kusimulia yaliyotokea. Mwaka 2013 WHO ilishauri pia kwamba dawa za kutuliza za aina ya benzodiazepini zisitolewe kwa wafiwa kwa ajili ya huzuni tu. Maji, chakula, usingizi na kuepuka picha za ajali husaidia zaidi.

Ndoto za kutisha au kushtukashtuka kukiendelea zaidi ya mwezi mmoja, mfiwa amwone daktari. Akizungumzia kujidhuru, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo.

Matanga yamefanya kazi hiyo tangu zamani: watu huja, hupika, hukaa. Ughaibuni mikeka haijitandiki yenyewe. Kabla ya kumpigia mfiwa aliye mbali, mtafute kwanza rafiki au jirani yake atakayekuwa mlangoni simu itakapokatika.