Kigari cha Bei Mbaya, Halafu Ndani ya Gari Mtoto Yuko Mapajani: Historia Inatucheka!

Leo nakuja na stori ya tofauti kidogo, lakini ukianza usiishie katikati, maana mwisho wake unakuhusu hata kama huna mtoto.

Kuna mwanadada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, alijifungua majuzi kati. Akaposti kigari cha mwanae, kile cha kusukuma, wengine mnakiita strola. Jamani kile kigari! Ngozi, matairi kama ya pikipiki, rangi ya maziwa. Komenti zikajaa makopakopa. Siku mbili baadaye akaposti video akiwa ndani ya gari, siti ya mbele, mtoto kampakata mkono mmoja, mkono mwingine umeshika simu, muziki juu. Gari linatembea hilo. Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi nililaiki.

Sasa sikia yaliyonikuta mimi. Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume, tukaenda kumchukua hospitali kwa teksi. Mimi nimekaa mbele, dada kakaa nyuma kampakata mtoto, kamfunika kanga. Tulipofika karibu na Mwenge, bajaji ikachomekea ghafla, dereva akakanyaga breki. Hatukugonga kitu na wala hatukuwa kwenye mwendo mkali. Lakini mtoto alichomoka kwenye kanga, kichwa chake kikagonga mgongo wa siti niliyokalia. Nilisikia ule mlio wa "ti!" Mpaka leo nausikia.

Tukageuza gari kurudi hospitali tuliyotoka. Daktari akamwangalia, akasema yuko salama. Usiku ule dada akaniambia, "Mdogo wangu, zile hela za kigari walizonichangia kwenye sherehe, achana na kigari kwanza. Nitafutie kitu cha kumkalisha mwanao kwenye gari. Wewe si ndiye mjomba?"

Basi mjomba mtu nikaingia mtandaoni kutafuta bei. Nikajikuta nimezama kwenye historia mpaka saa nane usiku. Na nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike: sisi sio wa kwanza kununua kigari cha kuonyesha watu na kumsahau mtoto ndani ya gari. Dunia nzima ilianza hivyohivyo.

KIGARI KILIANZA KAMA SHOO

Turudi Uingereza mwaka 1733. Kulikuwa na tajiri mmoja mwenye cheo, Duke wa tatu wa Devonshire. Alimpa kazi William Kent, fundi mkubwa wa bustani na majumba wa wakati ule, amtengenezee wanae kitu cha kutembelea. Kent akatengeneza kigari chenye umbo la kombe la baharini, kimenakshiwa, cha kuvutwa na mnyama mdogo, mbuzi au farasi mdogo. Hicho ndicho kinachotajwa sana kama mwanzo wa vigari vya watoto. Ukikiangalia vizuri, kile kilikuwa ni posti ya Instagram kabla ya Instagram. Kilitengenezwa ili watu waone mtoto ni wa nani.

Karne ya 19 vigari vikaanza kusukumwa na watu badala ya kuvutwa na wanyama, na biashara ikakua. Mwaka 1877 kampuni ya Silver Cross ikaanza kazi kule Leeds, Uingereza, na mpaka leo jina hilo ni la wenye nazo. Mwaka 1889 Mmarekani mweusi wa Baltimore, William H. Richardson, akapata hataza ya kigari ambacho kitanda chake kinageuzwa: ukitaka mtoto aangalie mbele, sawa, ukitaka akuangalie wewe unayesukuma, sawa. Matairi yake pia yalizunguka kila moja kivyake, kwa hiyo kukata kona kukawa rahisi. Kwa hiyo dada, ukiona kigari chako kinageuza kiti, mkumbuke huyo bwana.

Lakini vigari vya zamani vilikuwa vizito kama kabati. Aliyebadilisha mchezo ni Owen Maclaren, injinia wa ndege wa Uingereza. Huyu ndiye aliyeshiriki kubuni miguu ya magurudumu ya ndege ya vita ya Spitfire, ile miguu inayojikunja ndege ikishapaa. Akamwona binti yake anavyohangaika safarini na mtoto na kigari kizito. Babu akachukua ujuzi wa ndege, akatumia mabomba ya alumini, akatengeneza kigari kinachojikunja kama mwamvuli na chenye uzito usiofika kilo 3. Maombi ya hataza aliyapeleka mwaka 1965. Vile vigari vyepesi vinavyokunjika unavyoviona Kariakoo vimening'inizwa mlangoni mwa duka, ukoo wao unaanzia kwa huyo babu.

SITI YA GARI ILIANZA KAMA STULI

Sasa hapa ndipo penye utamu, au niseme uchungu.

Magari yaliingia barabarani, watu wakawa wanabeba watoto mapajani kama sisi. Miaka ya 1930 Marekani zikaanza kuuzwa siti za watoto za gari. Unadhani zilikuwa za kumlinda mtoto? Wapi! Zilikuwa za kumwinua aone dirishani na atulie, asimsumbue dereva. Zilikuwa fremu nyembamba za chuma na kitambaa, unazining'iniza kwa kulabu kwenye mgongo wa siti ya gari. Baadaye nyingine zikawekewa usukani wa kuchezea, dogo ajione anaendesha. Gari likigonga, ile siti inachomoka pamoja na mtoto.

Mwaka 1959 injinia wa Volvo, Nils Bohlin, akaleta mkanda wa pointi tatu, huu tunaofunga leo begani na kiunoni. Sawa, mtu mzima kapata wa kumlinda. Mtoto je?

Mtoto akapata mtetezi miaka ya 1960 kule Sweden. Daktari mmoja, Bertil Aldman, alikuwa anafuatilia habari za wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini. Akaona wanavyokaa roketi ikiruka: wamelala chali, nguvu yote inawasukuma mgongoni, mwili mzima unagawana mzigo. Akajiuliza, mbona mtoto asikae hivyo kwenye gari? Mwaka 1964 siti ya majaribio ya mtoto anayeangalia nyuma ikajaribiwa ndani ya gari la Volvo.

Kwa nini kuangalia nyuma? Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa sana ukilinganisha na mwili wake, karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado haina nguvu. Gari likisimama ghafla huku anaangalia mbele, mikanda inashika mwili, kichwa kinarushwa, shingo inabeba mzigo wote. Akiangalia nyuma, mgongo wa siti unadaka kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Ndiyo hiyo tu siri, haina uchawi.

Marekani nao wakaweka kanuni ya kwanza ya siti za watoto mwaka 1971. Lakini siti haikulazimika kupita jaribio la kugongeshwa! Jaribio hilo lilikuja kuwa lazima mwaka 1981. Yaani miaka kumi watu wananunua siti yenye baraka za serikali bila mtu kulazimika kuona inafanyaje ikigonga.

SHERIA ILIYOAMINI MIKONO YA MAMA

Hiki kipande ndicho kilichoninyima usingizi.

Kwenye jimbo la Tennessee, Marekani, kulikuwa na daktari wa watoto anaitwa Robert Sanders. Yeye na mkewe walisumbua wabunge wa jimbo mpaka sheria ikapita mwaka 1977 na kuanza kazi Januari 1978. Tennessee ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha mtoto mdogo akae kwenye siti yake ndani ya gari.

Lakini wabunge wakachomeka kipengele: kama mtoto amepakatwa na mtu mzima, basi haina shida. Waliona mikono ya mama inatosha. Nani atabisha kwamba mama ana mapenzi? Sanders alibisha, na kipengele kile kikaondolewa mwaka 1981. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Tatizo la mikono sio mapenzi, ni hesabu. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida tu pale Bagamoyo Road foleni ikiisha, likagonga na kusimama papo hapo, mtoto aliyepakatwa anaendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule wa 50. Ni sawa na kuanguka kutoka juu karibu mita 10, kama ghorofa ya tatu hivi. Hakuna mama duniani anayeweza kushika hapo, hata awe bondia. Na ukisema ufunge mkanda mmoja wewe na mtoto, ni mbaya zaidi, maana mwili wako unamkandamiza yeye kwenye mkanda.

Nilipofika hapo nikamuangalia dada amelala, mtoto pembeni yake. Dada yangu alimshika mwanae kwa nguvu zote siku ile. Na bado alimchomoka.

SASA TUNANUNUAJE?

Historia imenifundisha kuuliza swali moja dukani: hiki kitu kimetengenezwa kwa ajili ya nani, mtoto au macho ya watu? Nilivyochagua mimi ni hivi:

Siti ya gari kwanza, kigari baadaye. Mjini kwetu kigari kina mpinzani mkali anaitwa kanga. Barabara za mtaa mchanga, njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za mitumba, utasukumia wapi? Mgongo wa mama na kanga vinafanya kazi ya kigari bure. Lakini kazi ya siti ya gari, kanga haiwezi.

Mtoto mchanga aangalie nyuma. Kanuni mpya ya Ulaya, inayoitwa R129, inataka aangalie nyuma mpaka angalau miezi 15, na akikaa hivyo zaidi ndiyo vizuri. Usimweke mbele ya eabegi inayofanya kazi, ule mfuko unaofumuka kwenye dashibodi. Unafumuka kwa nguvu na kupiga mgongo wa siti ya mtoto, na kuna watoto Marekani walikufa hivyo miaka ya 1990. Mweke siti ya nyuma.

Angalia lebo. Siti zilizopita majaribio ya Ulaya zina lebo yenye herufi E ndani ya duara na namba R44 au R129. Ijaribu ndani ya gari kabla ya kulipa, maana siti nyingine haikai kwenye gari lako. Ukishaifunga, ishike pale mkanda unapopita na uitikise: isicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto ikaze mpaka usiweze kuifinya ikakunjika begani kwake.

Siti ya mtumba? Nguo ya mtumba navaa, kiatu cha mtumba navaa, lakini siti ambayo sijui imetoka wapi hapana. Ikishapata ajali kubwa inaweza kuwa na ufa usioonekana, na plastiki nayo inazeeka. Nyingi zina tarehe ya mwisho imechapwa chini. Kama ni ya ndugu yako na unajua historia yake, hiyo sawa.

Na kigari ukifika wakati wake: breki zishike, kijikunje kwa mkono mmoja, kilale flati kwa mtoto mchanga, na kiwe na mikanda ya kumfunga. Rangi ya maziwa utaangalia mwisho.

Najua wengine mnasema, "Sisi gari lenyewe hatuna." Hata dada hana. Tulichonunua ni ile siti ya mtoto mchanga yenye mpini kama kikapu, unayoifunga kwa mkanda wa kawaida wa gari. Inabebeka, inaingia teksi yoyote yenye mkanda nyuma.

Sasa hapo kwenye "yenye mkanda nyuma" ndipo palikuwa na kazi. Siku ya kliniki tukaita teksi. Nikafungua mlango wa nyuma, mikanda hakuna, kava la siti limefunika kila kitu. Dereva, mzee wa makamo hivi, akashuka, akaingiza mkono chini ya kava, akapapasa weee, akauvuta mkanda umejaa vumbi na ganda la karanga. Akaufuta kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Mjukuu wangu naye nampandisha humuhumu," akasema. Hakuongeza kitu. Akasimama ananiangalia ninavyofunga ile siti, akaniomba niifungue nifunge tena, aone vizuri.

Mimi ile laiki niliyompa yule mwanadada niliiondoa usiku uleule. Ila sijapata ujasiri wa kumwandikia. Wewe ungemwambia nini?