Mgeni wa Ziwa Naivasha

Samaki hana miguu ya kuvuka nchi kavu, wala mabawa ya kuruka juu ya bahari. Kwa hiyo, akionekana samaki wa Marekani katika ziwa la Bonde la Ufa, hapana shaka mkono wa mwanadamu ndio uliomfikisha huko. Samaki huyo ni besi mwenye kinywa kikubwa. Historia yake katika Ziwa Naivasha yastahili kusomwa na kila kijana, kwa kuwa yaonyesha jinsi jambo lililoanzishwa kwa ajili ya mchezo linavyoweza kubadili maisha ya ziwa zima.

Asili ya besi ni mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini, hasa upande wa mashariki. Mgongo wake ni wa kijani, tumbo lake jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi. Kinywa chake ni kikubwa hata pembe ya taya hupita nyuma ya jicho. Hupenda maji matamu yenye vuguvugu na majani, ambamo hujificha akingojea windo. Samaki mdogo au chura akipita karibu, besi hufumbua kinywa ghafula, na maji huingia kwa nguvu pamoja na windo lake. Lakini mla wenzake huyu ni baba mwema. Wakati wa kuzaa, dume hufagia kishimo kwa mkia wake. Jike hutaga humo maelfu ya mayai, kisha huenda zake. Dume hubaki peke yake, akiyapepea mayai kwa mapezi ili yapate maji safi, na akiwafukuza maadui mpaka watoto watawanyike.

Sifa yake kubwa kwa wavuvi ni ukali. Akinaswa na ndoana huruka juu ya maji, akitikisa kichwa ili aitupe. Ndiyo sababu Wamarekani wengi humvua kwa ufito na chambo cha bandia, si kwa njaa bali kwa furaha ya kushindana naye. Hata hivyo, mchezo na chakula havikutengana siku zote. Tarehe 2 Juni 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, kijana mkulima aitwaye George Perry alivua katika jimbo la Georgia besi mwenye uzito wa kilo 10 hivi. Sifa hiyo ilikaa miaka 77 bila kufikiwa, hata mwaka 2009 Mjapani Manabu Kurita alipovua aliyelingana naye katika Ziwa Biwa. Besi wa Perry hakutundikwa ukutani kama pambo. Aliingia chunguni, akaliwa na jamaa.

Sasa na tugeukie Naivasha. Ziwa hili li juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,880 na zaidi, na maji yake ni matamu ingawa hapana mto utokao humo juu ya ardhi. Kabla ya mwaka 1925 samaki aliyejulikana ziwani alikuwa mmoja tu, naye mdogo sana, asiyejulikana kuishi penginepo. Mwaka huo waliletwa perege kutoka Mto Athi. Mwaka 1929, katika enzi ya ukoloni, besi akaletwa kutoka Marekani, na nia ilikuwa mchezo wa kuvua. Kwa yule mdogo, kufika kwa mwindaji kulikuwa msiba. Mwaka 1962 alionekana kwa mara ya mwisho, na wataalamu hutaja meno ya besi miongoni mwa sababu za kutoweka kwake.

Lakini mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Mwaka 1959 uvuvi wa biashara kwa nyavu ulianza, na besi pamoja na perege wakawa riziki ya wavuvi na kitoweo cha watu wengi. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa maji matamu, ambaye asili yake pia ni Marekani. Besi alimpata kuwa chakula kizuri. Lakini kamba naye alikula majani ya majini, ambayo ni maficho ya besi. Mwaka 2001 alionekana samaki aitwaye karpu, mwenye tabia ya kufukua tope. Katika miaka michache karpu wakawa ndio wengi nyavuni, na besi, ambaye huwinda kwa macho, akawa na shida katika maji yaliyovurugika. Hivyo mwindaji wa jana akabanwa na wageni waliomfuata.

Basi tumhukumuje besi? Yeye hana kosa: aliishi kama alivyoumbwa. Ameshibisha watu, na hilo ni jema. Lakini jema hilo lilinunuliwa kwa uhai wa kiumbe asiyeweza kurudishwa kwa fedha wala kwa majuto. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu akitaka kubeba ndoo ya samaki wageni kwenda kuwamwaga katika bwawa la kijiji chake, kwanza na aulize ni nani aishiye humo, maana mchezo huisha jioni, lakini samaki hubaki majini.