Bao la njia ya misafara: mabingwa wapo, michezo yao iko wapi?

Mwaka 1851, jijini London, Mjerumani Adolf Anderssen alimshinda Lionel Kieseritzky katika sataranji baada ya kutoa kafara malkia na ngome zote mbili. Mchezo ule uliandikwa, na hadi leo wanafunzi wa sataranji huurudia hatua kwa hatua. Huku kwetu, miaka sita baadaye, Novemba 1857, wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walishukia na pembe hadi Bagamoyo. Siamini kwamba watu waliotembea miezi kadhaa pamoja walilala kila kambi bila kuchimba mashimo na kucheza. Wasukuma, majirani wa Bukene, kaskazini mwa Tabora, wana isolo yao; pwani kuna bao la Kiswahili; Malawi wanalo bawo. Ila nani alimfunga nani, na kwa mbinu gani, vimepotea na vumbi la misafara.

Hasara hiyo si ndogo, maana bao nalo lina mwanzo wa kusomewa. Kila mchezaji ana kete 32. Sita hukaa kwenye nyumba, shimo kuu la safu ya mbele, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 hubaki mkononi za kunamulia, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Sasa tazama: kete za huyu hazitazamani na za yule. Anayeanza hana cha kula, lazima atakate, yaani asambaze kete bila kula, na ana mashimo mawili tu ya kuanzia, kushoto au kulia. Njia nne! Katika sataranji mweupe ana 20. Lakini katika hizo nne, akitakata kupitia nyumba yake, anaacha kete mbele ya nyumba ya mpinzani, na huliwa papo hapo. Akienda upande wa pili, mwenzake naye hana cha kula. Mtoto aliyeanzia bao la kujifunza, lile la kete mbili kila shimo, huweza kuipata siri hiyo kwa kupigwa mara nyingi, au kwa kuambiwa siku moja.

Wanasataranji waliamua zamani kuambiana. Huko Baghdad, katika karne ya 10, as-Suli alikuwa tayari akiandika juu ya mipangilio ya kuanzia mchezo. Kwetu mwalimu amekuwa barazani: unakaa nyuma ya mzee, unanyamaza, unahesabu. Njia hiyo imetoa vichwa vikali. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyetoa kitabu chake mwaka 1995, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuandika juu ya bao linalochezwa bila kutazama ubao. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora, naye alikuwa mpenzi mkubwa wa bao.

Bara sijasikia hata uchunguzi kama huo wa Zanzibar. Bukene ina stesheni kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, na watu wanaosubiri treni wana muda. Kijana mwenye simu, wakikaa wazee wawili kwenye bao, simama juu yao urekodi mchezo mzima, kuanzia kete ya kwanza ya kunamua hadi mwendo wa mwisho. Kisha uurudie nyumbani, shimo kwa shimo.