Ukuta Usiosikia na Mteja Asiyenyamaza

Msafiri afikaye Rongo kutoka Kisii huwa na njia mbili mbele yake, moja ikiendelea kusini kupitia Awendo na Migori hadi Isibania kwenye mpaka wa Tanzania, na nyingine ikigeuka magharibi kuteremkia Homa Bay na Ziwa Victoria. Lakini ashike hii au ile, hatakosa kuona kwamba katika kila kituo cha soko kuta za maduka zimepakwa rangi ambazo wenye maduka hawakuzichagua. Kijani ni Safaricom, nyekundu ni Airtel, na zilizobaki ni za viwanda vya saruji, vya unga, vya sabuni, na hata vya rangi zenyewe. Pale rangi ilipobanduka kwa jua na mvua huonekana nyingine chini yake, na chini ya hiyo nyingine tena, kwani kampuni moja tu ya simu ilipita katika kuta hizo kwa majina manne ndani ya miaka kumi: ilianza mwaka 2000 ikiitwa Kencell, ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010. Mafundi wa kupaka rangi walipata riziki mara nne. Mushtari, ambaye laini yake ya simu ilikuwa ile ile, hakuulizwa hata mara moja.

Na si kwamba mushtari huyo alikuwa mgeni wa elimu ya kutangaza jina. Wajaluo wana ada yao ya kale iitwayo pakruok, ambayo hutendeka penye ala ya nyatiti na pombe na mkusanyiko wa watu: mtu huinuka, humsimamisha mpigaji kwa kumtilia fedha, kisha, ala ikiwa imenyamaza, hujisifu yeye na rafiki zake na shemeji zake na kijiji alikozaliwa mamake, kwa mafumbo na majina ya kupanga, hadi hadhira iitikie kwa vicheko na vigelegele, ndipo muziki urejee na mwingine ainuke kumpiku. Asiyeijua ada hiyo huidhani kuwa ni majivuno matupu, ilhali ina masharti mawili magumu. La kwanza, fedha hutolewa hadharani, kila mtu akiona nani amelipa ili nani atajwe. Na la pili, sifa husemwa mbele ya watu wanaokujua, hata ukijisifu kwa mafahali usio nao hapakosi mmoja aliyewahi kulipita zizi lako na kuliona tupu. Wapiga magitaa wa benga waliirithi ada hiyo, na mashuhuri miongoni mwao, D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanganyika si mbali na Migori na kufariki mwaka 2006, alitamba katika zama ambazo majina ya wafadhili na matajiri wa miji yaliingizwa ndani ya santuri, yakaimbwa katika kila baa yenye gramafoni.

Kampuni kubwa zilikuja kwa mlango mwingine. Bidhaa zao zilishushwa na meli za reli katika bandari ndogo za ziwa, Kendu Bay na Homa Bay na Karungu, zikaingia katika maduka ya Wahindi, na pamoja nazo vikaja vibao vya bati vilivyotiwa enameli, vikiwa na majina ambayo wazee hadi leo huyatamka kana kwamba ni ya jamaa zao: baiskeli ya Raleigh, cherehani ya Singer, kiatu cha Bata. Baadaye yakaja magari ya sinema, yakitandaza shuka jeupe usiku katika kiwanja cha shule na kuonyesha picha pasipo kiingilio, ila baina ya kichekesho na kichekesho ilipenyezwa sabuni, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Watu walicheka, wakarudi nyumbani wakiwa wameyahifadhi majina. Lakini hapakuwa na mahali pa kuuliza mbona mche wa sabuni umepungua urefu na bei imebaki ile ile. Shuka halisikii, wala kibao, wala ukuta.

Redio nayo ilinena bila kusikia, isipokuwa kwa kijilango kimoja ambacho naona waandishi wa mambo haya hukipita upesi mno, nacho ni kadi za salamu. Msikilizaji wa Oyugis au wa Mbita alinunua kadi, akaandika majina ya wale anaowasalimu, akaitia posta, akangoja majuma mawili matatu akiwa na sikio kwenye kipaza sauti, na siku jina lake lilipotajwa kijiji kizima kilipata habari. Wapo waliosalimu kwa bidii hadi wakajulikana kote nchini bila ya kuonekana uso. Wataalamu hupenda kuitafuta asili ya mitandao ya kijamii katika vyuo vya Marekani; mimi, kwa upande wangu, nazihesabu kadi hizo kuwa babu zake wa karibu zaidi, maana ndimo mtu wa kawaida alimojifunza kwamba jina lake nalo laweza kusikika pamoja na jina la sabuni.

Kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini, kilichoundwa mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa huko Awendo mwaka 1979, na ambacho jina lake fupi la SoNy halina udugu wowote na redio za Wajapani, kilipata njia iliyo bora kuliko ukuta: timu ya kandanda. SoNy Sugar ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006, na kwa muda jina la kilo ya sukari likawa jambo la watu kulishangilia. Lakini timu hiyo ilipofukuzwa katika ligi ya msimu wa 2019/20 kwa kukosa kufika uwanjani, jina lile lile lililoshangiliwa ndilo lililobeba lawama. Ama tumbaku, inayolimwa na wakulima wengi wa Migori kwa mkataba na kampuni, ina kisa cha kinyume: sheria ya 2007 ya kudhibiti tumbaku ilipiga marufuku matangazo yake, hata jani likakauka katika mabanda ya kaunti hiyo huku jina la sigara halina ruhusa ya kuandikwa katika ukuta wa jirani.

Mwaka huo huo wa 2007, mwezi wa Machi, Safaricom ilianzisha M-Pesa, na rangi ya kijani ikaenea kuta za soko kwa kasi ambayo kibao cha enameli hakikuijua. Kebo za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na bei za intaneti zikaanza kushuka, simu iliyonunuliwa kwa ajili ya kutuma fedha ikawa ni dirisha. Facebook, ambayo ilikuwa imezifungulia kampuni mlango wa kuweka kurasa zao tangu Novemba 2007, ikafika hadi visiwa vya ziwa. Na Novemba 2014 wateja wa Airtel nchini Kenya wakapewa sehemu ya mtandao huo pasipo kutozwa. (Huko Isibania simu ina vituko vyake, kwani mara nyingi humkaribisha mtu Tanzania na hali yeye amekaa Kenya akinywa chai, na kampuni ya ng'ambo humsalimu kwa adabu kabla ya ile anayoilipa.)

Hapo ndipo ukuta ulipoanza kujibiwa. Mtu wa Ndhiwa ambaye stima imepotea nyumbani kwake tangu jioni hana haja tena ya kupanda gari kwenda ofisini mjini. Huandika mbele ya umma wote, na Kenya Power, jina lililochukuliwa na kampuni hiyo mwaka 2011, humjibu kwa kumwomba namba ya mita kwa njia ya faragha. Safaricom ilifika mbali zaidi, kwa kuwa mkuu wake Bob Collymore, aliyeshika usukani mwishoni mwa 2010 hadi alipofariki Julai 2019, alikuwa na desturi ya kuwajibu wateja yeye mwenyewe katika Twitter, jambo ambalo lilimshangaza mtu aliyezoea kwamba mkubwa wa kampuni huonekana katika kalenda tu. Mkubwa mmoja hatoshi, hata hivyo, kwa mamilioni ya watu. Wakaajiriwa vijana wa kujibu kwa zamu, na mwaka 2018 Safaricom ikamleta Zuri, ambaye si binti wa mtu bali ni programu iliyofunzwa kujibu. Nakiri kwamba adabu yao hunichosha. Aliyepoteza fedha zake na aliyekosa sauti katika simu wote huombwa radhi kwa maneno yale yale, kana kwamba radhi hiyo imepigwa chapa ofisini na kukatwa vipande. Lakini nikikumbuka lile shuka jeupe la sinema, hunyamaza: radhi ya kunakiliwa ni jawabu, na jawabu lolote halikuwapo.

Nguvu ya kelele hii ya mtandaoni ilidhihirika Julai 2015, siku chache kabla ya Barack Obama, ambaye ukoo wa babake una mizizi Kendu Bay, kuwasili Nairobi akiwa Rais wa Marekani. Shirika la CNN liliitaja nchi anayoiendea kwa sifa za ugaidi, na Wakenya wa Twitter wakaliandama kwa maneno makali na kwa kejeli zilizo kali kuliko maneno, hata mwezi uliofuata mmoja wa wakuu wake, Tony Maddox, akapanda ndege kuja kumwomba Rais Uhuru Kenyatta msamaha. Tangu hapo hapana mkuu wa matangazo asiyejua kwamba hadhira ile ya nyatiti, yenye kujua nani ana zizi tupu, imerudi, na sasa haina ukuta wala saa ya kufunga.

Hilo ni sharti la pili la pakruok. La kwanza, ole wetu, limevunjwa. Kampuni siku hizi huwalipa waimbaji na wachekeshaji wenye wafuasi wengi ili watie jina la bidhaa katika video zao, na kazi hiyo ni ile ile ya mpiga nyatiti aliyesimamishwa kwa fedha; tofauti ni kwamba mpiga nyatiti alitiliwa fedha mbele ya macho yetu, na huyu hulipwa mafichoni, kisha hutuambia kwamba bidhaa ameipenda kwa moyo wake. Sioni kwa nini tuuite huo maendeleo.

Waliofaidi zaidi, kwa maoni yangu, ni wale ambao hawakuwahi kuwa na ukuta. Septemba 2016 Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, alikuja Nairobi, akala ugali na samaki mzima katika hoteli ya Mama Oliech, na kuwaeleza walimwengu kupitia mtandao wake. Jina la samaki wa ziwa halijapata kutangazwa vile, wala hakuna mvuvi aliyelipa senti. Miaka miwili baadaye ikavuma habari ya samaki wa kutoka China, yenye kweli na uzushi vikiwa vimechanganyika, hata Oktoba 2018 Rais Kenyatta akahoji hadharani kwa nini waletwe. Mama samaki wa Homa Bay hakungoja serikali. Huamka alfajiri akashuka ufukoni, akampiga picha samaki aina ya ngege akali anarukaruka ndani ya mtumbwi, akamtia katika WhatsApp pamoja na bei, na wateja wa Nairobi huagiza na kulipa kwa M-Pesa kabla jua halijachomoza sawasawa. Yeye ndiye kampuni, ndiye mpaka rangi, ndiye mjibu wa lawama iwapo barafu imeyeyuka njiani. Sheria ya 2019 ya kulinda data nayo yamhusu, kwani mwaka 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Lakini samaki hawana malalamiko, na wanunuzi wake aghalabu hajawahi kuwaona nyuso.

Jioni, basi la usiku likiwa limewasha taa, huufunga mzigo kwa kamba na kuuandika jina kwa kalamu nene, kisha hutuma picha ya mwisho ya siku, ambayo si ya samaki wala ya ziwa. Ni ya risiti ya mzigo, yenye namba ya gari na saa ya kuondoka.